Mwenyekiti wa kijiji, kabla ya miradi shika kwanza mkutano mkuu

Ndugu zangu wenyeviti wa vijiji na vitongoji, hasa nyie mlioingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, haya naandika nikiwa na vijiji vyetu vya huku Nyanda za Juu Kusini kichwani. Rungwe, Mbozi, Kilolo, Mufindi, Njombe, Makete, sehemu ambazo ardhi inatoa karibu kila kitu lakini ukiingia kijijini unakuta boma la zahanati limesimama miaka halina bati, na ukitaja neno mchango watu wanaangalia pembeni. Viongozi wengi wanasema wananchi siku hizi wamekuwa wagumu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mama anayelima viazi kwa jembe la mkono kwenye miteremko ya Uporoto sio mvivu wala sio mgumu, anachokataa ni kutoa hela ambayo hajui itaishia mfukoni mwa nani, na akishajua hela inaendaje atatoa, tena atabeba na mawe.

Kwahiyo ukitaka kijiji chako kiwe na nguvu usianze na mradi. Anza na mkutano mkuu wa kijiji mpaka watu wauamini.

Kuitisha mkutano watu wakaja

Mkutano mkuu ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea, na kwa utaratibu unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Ndio mkubwa wa wote pale kijijini, hata halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 mpaka 25 inatakiwa ijieleze pale. Sasa vijiji vingi robo inapita, nyingine inapita, mkutano haujaitishwa, alafu siku unaitishwa ni kwa ajili ya kuja kusomewa mchango. Hapo nani atakuja?

Panga tarehe ukiangalia maisha ya watu. Mwezi wa kwanza saa nne asubuhi watu wako kwenye palizi ya mahindi, hutapata mtu. Siku ya gulio usiguse. Kwa wenzetu wa Iringa na Njombe kwenye masika ulanzi ukishaanza kutoka, mkutano ukisogea mpaka jioni wanaume wengi watakuwa kilabuni na waliokuja nao watabisha bila sababu, kwahiyo maliza mapema. Siku nzuri ni ile ambayo wenyeviti wa vitongoji wamekwambia wenyewe, waulize, maana wao ndio wanajua kitongoji gani kina msiba na kipi wana ubarikio. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa ofisi likiwa na ajenda zote, lisomwe kanisani na msikitini, liingie na kwenye magrupu ya WhatsApp ya kijiji, na lile tangazo la mdomo la balozi kwa balozi usilidharau kwasababu wazee wengi hawana hizo simu.

Kwenye kikao chenyewe wanawake wanakaa nyuma na hawasemi, sio kwamba hawana la kusema. Waite kwa heshima yao, mama fulani wa kitongoji fulani hebu tuambie nyie upande wa maji mmeonaje, na uwape nafasi kabla wale wasemaji wa kila siku hawajaanza. Mzee akitaka kuongea Kihehe au Kisafwa au Kinyakyusa mwache aongee, kijana mmoja atafsiri kwa wageni. Utashangaa mambo yanayotoka.

Soma mapato na matumizi kabla ya ajenda nyingine yoyote

Hapa ndipo pa kukazia, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yote haya chukua hiki. Mapato na matumizi yasomwe mwanzoni watu wakiwa na akili safi, sio mwishoni saa nane watu wana njaa wanataka kuondoka. Na usisome kwa jumla jumla, tumekusanya kiasi fulani tumetumia kiasi fulani tumebakiwa na kiasi fulani, hiyo haimwambii mtu kitu. Soma kitongoji kwa kitongoji, kaya ngapi zimetoa, kaya ngapi bado, simenti mifuko mingapi, bei ya mfuko mmoja, imenunuliwa duka gani, lori limelipwa shilingi ngapi, fundi kalipwa ngapi na kabakiza kazi gani. Watu wa kijijini wanajua bei ya simenti kuliko unavyodhani, ukisema bei ya uongo watanyamaza tu pale alafu mchango unaofuata hawatoi, na hautajua kwanini.

Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata kama katoa elfu mbili. Hela ipokelewe na mtendaji wa kijiji kwa utaratibu wa ofisi na iende benki kwenye akaunti ya kijiji. Wewe mwenyekiti usishike hela ya mchango hata kwa siku moja, hata kama mtendaji kasafiri, hata kama aliyekuletea ni shemeji yako. Najua huna mshahara na posho yenyewe ni ya kubahatisha, na hilo linauma kwa kazi kubwa mnayofanya, lakini hiyo ndiyo sababu ya kujikinga zaidi maana jina likishachafuka kijijini halisafishiki.

Taarifa ikishasomwa, ibandikwe ubaoni. Mtu ambaye hakuja asome mwenyewe, au mtoto wake wa darasa la sita amsomee.

Mkifanya hivi robo mbili tatu mfululizo ndio sasa mzungumze mradi.

Kuhusu maboma

Utaratibu unaojulikana ni kwamba wananchi wanajenga mpaka lenta, halmashauri ya wilaya inasaidia kupaua na kumalizia. Shida inakuja pale kijiji kinapoanza msingi kwa mori bila kuongea na mtu yeyote. Kabla hata ya kuchimba nenda kwa injinia wa halmashauri upate ramani inayokubalika, vinginevyo unaweza kusimamisha boma zuri alafu likaambiwa vyumba ni vidogo haliwezi kusajiliwa kama zahanati, na hapo nguvu za watu zimeenda bure.

Alafu kuna suala la muda ambalo wengi hawaliangalii. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, madiwani wanakaa kuipitisha mwanzoni mwa mwaka. Ukipeleka ombi mwezi wa nne umechelewa, unasubiri mwaka mwingine mzima. Kwahiyo vipaumbele vya kijiji vipitishwe na mkutano mkuu mapema, ikifika mwezi wa kumi viwe vimeshaenda kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, vikiwa na muhtasari wenye saini, na vipaumbele viwe viwili au vitatu tu. Ukipeleka kumi na tano ni sawa na hujapeleka.

Kazi za mikono, yani msaragambo wa kusomba mawe, mchanga na kufyatua tofali, zipange kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, mvua za huku ukizisubiri hakuna tofali litakalokauka. Na mkutano uamue mapema nani anasamehewa: wazee wasiojiweza, wagonjwa, wenye ulemavu ambao hawawezi. Ukiwaacha waamue mgambo wakiwa wanapita nyumba kwa nyumba utasikia bibi wa watu kachukuliwa kuku, na mradi wote unaingia laana ya maneno.

Watoto wetu na ile aibu ya udumavu

Hili naliweka hapa kwasababu viongozi wengi wa vijiji wanaona ni kazi ya nesi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto chini ya miaka mitano waliodumaa kitaifa ni kama 30 kwa kila 100, lakini Iringa ni karibu 57, Njombe karibu 50, Rukwa vilevile. Hii ni mikoa inayolisha nchi, mahindi yanatoka hapa, viazi vinatoka hapa, maziwa yanatoka hapa, alafu watoto wetu wenyewe ndio wafupi kuliko umri wao. Mimi kila nikiitafakari hiyo namba inaniumiza.

Chakula kipo, ila mtoto anakula ugali na viazi asubuhi mpaka jioni, maharage na maziwa na mayai yanaenda sokoni, mama mjamzito yuko shambani mpaka wiki ya mwisho na akijifungua anarudi shambani haraka, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba anayemlisha mara mbili kwa siku. Sasa mwenyekiti anaweza nini hapa? Anaweza mengi. Siku ya afya na lishe ya kijiji inatakiwa ifanyike kila robo mwaka, isimamie wewe mwenyewe, tangaza, hakikisha mizani ipo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na akina baba waje, sio akina mama peke yao. Idadi ya watoto wenye hali mbaya isomwe kwenye mkutano mkuu kwa kitongoji, bila kutaja jina la mtoto wala mzazi, kama mnavyosoma hela. Chakula cha shuleni mkubaliane debe ngapi za mahindi na maharage kwa mzazi wakati wa mavuno, mwezi wa sita na wa saba ambapo kila mtu anayo, msisubiri mwezi wa pili ghala likiwa tupu. Mkiona inafaa iwe sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, inaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Isiyopita huko haina nguvu, usimtoze mtu faini kwa sheria ya mdomoni.

Ardhi, hapa tembea taratibu

Tangu parachichi na miti ya mbao vilipopanda bei, watu wa mjini wanakuja na magari kutafuta ekari huku kwetu, Njombe, Mufindi, Kilolo, Rungwe. Sio vibaya, wengine wanaleta ajira. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikukupa wewe na mtendaji mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji mkiwa wawili ofisini, jambo hilo linapita halmashauri ya kijiji na linaridhiwa na mkutano mkuu. Hakikisha baraza la ardhi la kijiji lipo kamili, wajumbe 7 na kati yao wanawake wasipungue 3. Kama hamna mpango wa matumizi bora ya ardhi ombeni wilayani, na hati za kimila, yani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, zikianza kutolewa simamia jina la mke liandikwe pamoja na la mume, kwasababu kesi za wajane kunyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu nyingi zingeishia hapo.

Lumbesa nayo, yani gunia linalojazwa kupita kipimo, ni ya kwenu viongozi. Mkulima mmoja mmoja hawezi kumkatalia dalali gunia lililoshonewa kilemba juu, akikataa dalali anaenda kwa jirani. Kijiji kizima mkikubaliana kituo kimoja cha kukusanyia, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kuuza kwa kilo na hakuna gari linalopakia shambani usiku, dalali atakubali maana anahitaji viazi. Kama kuna AMCOS hai, yani chama cha ushirika cha wakulima, ipeni hiyo kazi.

Mikopo ya halmashauri ya wilaya ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kazi yako ni kuwaunganisha na afisa maendeleo ya jamii wa kata na kutosaini barua ya kikundi hewa. Basi.

La mwisho ni makaratasi. Watendaji wanahamishwa, na akihama anaondoka na kumbukumbu zote za kijiji kichwani mwake. Nunueni kabati lenye kufuli, wekeni humo mihutasari yote iliyosainiwa, vitabu vya stakabadhi, taarifa za benki, ramani ya mipaka na orodha ya kaya, nakala ya mihutasari iende kata, na mtendaji mpya akifika mkabidhiane mbele ya halmashauri ya kijiji kitabu kwa kitabu, mkiandika kila kilichopokelewa na kila ambacho hakikuonekana.