Jinsi ya kuingia Mastodon bila kutoa namba yako ya simu

Hapa Tanzania namba ya simu sio namba tu jamani. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo mtu akishika namba yako ameshika jina lako kamili, maana anajifanya tu anakutumia hela na kabla hajaweka namba ya siri jina lako lote linamtokea pale. Sasa fikiria ni apu ngapi umeshazipa hiyo namba bila hata kuwaza.

Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter, haiombi namba, inataka imeili na neno la siri basi. Ilianzishwa 2016 na kijana anaitwa Eugen Rochko huko Ujerumani, na watu wengi waliisikia Oktoba 2022 pale Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44. Sio kampuni moja yenye kompyuta zake, ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, zinazoendeshwa na watu tofauti tofauti na zote zinaongea, kama wewe uko Voda na mwenzio yuko Airtel na bado mnapigiana. Ndio maana jina lako linakuwa na sehemu mbili, jina lenyewe halafu jina la seva uliyopo, na ukimpa mtu jina mpe lote.

Kabla hujajisajili fungua imeili mpya, Proton au Tuta zote zina akaunti za bure. Usitumie ya kazini, na usitumie ile iliyobeba jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Kama hutaki watu wa Instagram wakujue huku basi jina liwe jipya na picha iwe mpya, picha ile ile ukiiweka sehemu mbili mtu anaitafuta tu mtandaoni anakupata.

Seva unachaguaje? Ingia joinmastodon.org utaona orodha, na kabla hujabonyeza kujiunga fungua ule ukurasa wa kujieleza wa seva usome sheria zao, nani anaiendesha, hela ya kuilipia inatoka wapi. Isiyosema nani anaiendesha achana nayo, kwa sababu huyo msimamizi ndie atakaekuwa na data zako mkononi. Zipo zinazokuuliza kwanini unataka kujiunga, andika sentensi mbili za kweli na usubiri wakukubali. Ukishindwa kabisa kuchagua anza na mastodon.social ya Mastodon wenyewe, kuhama baadae inawezekana.

Ukishaingia usiposti kwanza. Nenda kwenye mipangilio uwashe uthibitisho wa hatua mbili, unapakua apu inaitwa Aegis, unaskani ile picha ya miraba na kuanzia hapo kila ukiingia Aegis inakupa tarakimu sita. Hii ni bora kuliko kodi za SMS, zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji, maana tunawajua wale jamaa wanaorenew laini ya mtu kisha kodi zote zinaingia kwao. Mastodon itakupa na kodi za akiba, ziandike kwenye karatasi uweke pale unapoweka cheti cha kuzaliwa, simu ikiibiwa hizo ndo zitakazokurudisha ndani.

Kwenye Android, apu ya kuingilia Mastodon mimi napendekeza Tusky. Unaweza kuichukua Play Store ila nzuri zaidi ni F-Droid, stoo ya apu ambazo kodi yake, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha, iko wazi mtu yeyote aikague. Ingia f-droid.org, pakua faili lao, simu itauliza kama unaruhusu brauza kuinstoo apu, ruhusu, na ikishakaa rudi uondoe ile ruhusa. Faili la apu lililorushwa kwenye grupu la WhatsApp au Telegram usiliguse hata kama aliyerusha ni shemeji. Ndani ya Tusky zima picha kujipakua zenyewe kwenye mipangilio, bando lako litadumu, ukitaka kuona picha unaigusa ndo inafunguka.

Sasa utakuta ukurasa mtupu na hapa ndo wengi wanaondoka, tafadhali vumilia. Hakuna algorithimu inayokuletea vitu, unaona wale uliowafolo tu, kwa mpangilio wa muda. Tafuta hashtegi kama #Tanzania, #Kenya na #Kiswahili ufolo hashtegi zenyewe, posti zake zitakuwa zinaingia kwako. Wanaoandika Kiswahili huko bado wachache kwa hiyo ukimkuta mmoja mjibu, msalimie. Na elewa kwamba laiki haisambazi kitu, inamfurahisha tu aliyeandika, ukitaka posti ifike mbali uirushe upya kwa ile mishale miwili. Unapoandika weka lugha ya posti kuwa Kiswahili, iko pale pale chini ya sehemu ya kuandika, wanaochuja kwa lugha watakuona.

Hili naliweka peke yake kwa sababu ni zito: meseji za faragha za Mastodon sio siri. Hazifungwi kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, msimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzio wakiamua wanaweza kuzisoma. Halafu ukimtaja mtu wa tatu ndani yake nae anaiona. Mambo ya hela, ugonjwa, ndoa, kazi, peleka Signal, apu ya meseji ambayo inazifunga kutoka simu hadi simu. Signal yenyewe inaomba namba wakati wa kujisajili, hilo halina ujanja, ila tangu 2024 unaweza kuwaficha wengine: nenda mipangilio, faragha, namba ya simu, weka asiione mtu yeyote, na asiweze mtu kukutafuta kwa namba, kisha tengeneza jina la mtumiaji uwe unatoa hilo.

Mastodon ina na kitu cha kufanya posti za zamani zijifute zenyewe, unachagua muda, kuanzia wiki moja mpaka miaka miwili. Washa. Ila seva nyingine zilizoshapokea nakala zinaombwa tu zifute, hakuna wa kuzilazimisha, kwa hiyo usichotaka kibaki usikiandike.

Ukichoka na seva, fungua akaunti kwenye mpya, huko sema unatoka akaunti gani, halafu rudi ya zamani uamuru kuhama. Wafuasi wako wanahamishwa wenyewe, posti zinabaki kule, na ukishahama inabidi zipite siku 30 ndo uhame tena. Ila wale uliowafolo wewe hawaji wenyewe, orodha yao unaipakua kama faili la CSV kwenye mipangilio na kuipandisha upya. Usisubiri siku ya kuhama, ipakue leo na kila baada ya muda, maana kuna wasimamizi wanazima seva bila taarifa na ikishazimika hakuna tena pa kuipakulia.