Posta ya utafiti ambayo watu watasimama kuisoma

Jamani mnaoenda kongamano na posta, lile bango la kuonyesha utafiti wako, naomba tuongee kidogo, maana nimezunguka kumbi nyingi nimeona kazi nzuri kabisa, mtu kahangaika miezi vijijini anakusanya data, halafu siku ya siku watu wanampita tu wanaenda kwenye chai. Inaniuma kweli. Na mara nyingi tatizo ni lilelile, mtu kachukua ripoti nzima kaibandika kwenye karatasi kubwa.

Anza na kichwa. Tuseme umefanya utafiti wa vyandarua, usiandike "Tathmini ya Matumizi ya Vyandarua katika Kata Teule", hiyo iache kwenye jalada la tasnifu. Andika ulichokuta: "Usiku wa joto familia nyingi hazishushi chandarua". Mtu akiwa mita tatu na kikombe chake mkononi ashajua umegundua nini, na kama linamhusu atasogea mwenyewe. Hapo kwenye kichwa kaa hata siku nzima, usikimbilie rangi.

Kabla hujafungua kompyuta waulize waandaaji ubao ni wa wima au wa kulala na saizi gani. A0, ile saizi kubwa ya karatasi ya posta, ni sentimita 84.1 kwa 118.9. PowerPoint inatosha kabisa ila weka saizi ya slaidi mwanzoni, ukiibadilisha mwishoni kila kitu kinavurugika.

Herufi za kichwa ziwe pointi 85 kwenda juu, maelezo yasishuke chini ya 28. Ukimaliza printi posta nzima kwenye A4. A0 ni mara nne ya A4 kila upande, kwa hiyo 28 yako itatoka kama 7, ndogo lakini inasomeka. Ukiona hapo unakodoa macho, punguza maneno ukuze herufi. Mimi nikizidi maneno 400 naanza kukata, na cha kwanza kutoka ni ikisiri, yaani ule muhtasari wa utafiti, kwa sababu posta yenyewe ndo ikisiri. Jedwali la mistari kumi na tano nalo toa, weka grafu moja kubwa, na nafasi tupu usiiogope, jicho linahitaji pa kupumzikia. Nyekundu na kijani usizitumie kutofautisha makundi, wapo watu hawazitofautishi, bluu na chungwa ziko salama zaidi.

Logo ya chuo na picha usizichukue kwenye WhatsApp zilivyotumwa kama picha, inazibana, kwenye A0 zinatoka vitone vitone. Omba watume kama dokumenti. Kwa mtu wa kuprinti peleka PDF, siyo faili la PowerPoint, kompyuta yake ikikosa fonti yako mpangilio unaharibika, na nenda siku tatu kabla, umeme ukikatika uwe na muda. Kama unasafiri na basi nunua kipande cha bomba la plastiki duka la vifaa vya ujenzi, viringisha posta uitie humo, haipati hata kovu.

Sasa siku yenyewe. Simama pembeni ya posta, usiizibe, na simu iweke mfukoni. Mtu akisogea msalimie, kama ni mkubwa shikamoo kwanza, mwache asome kichwa halafu muulize yeye anafanyia kazi eneo gani, maana daktari wa wilaya na mtu wa takwimu hawataki kusikia kitu kimoja. Kisha dakika moja tu: tatizo lilikuwa nini, umekuta nini, kifanyike nini. Usimsomee posta, anaiona. Onyesha grafu kwa mkono, mweleze mstari gani ni upi, halafu nyamaza aulize. Akiuliza usichojua mwambie hilo sikulipima, andika swali lake kwenye daftari na namba yake, na jioni hiyohiyo mtumie PDF akiwa bado anakukumbuka.