Usimuulize Kama Ni Kweli

Mwaka wangu wa pili kazini, kiranja aliniletea mvulana wa kidato cha pili, shati limechanika begani, macho mekundu. Wenzake walikuwa wamemfungia chooni kipindi kizima huku wakigonga mlango na kumwita shoga. Nilimketisha, nikampa maji, nikamuuliza kwa upole wote niliokuwa nao: "Lakini niambie, ni kweli?"

Akasema hapana. Akanywa maji, akashukuru, akaondoka, na hakukanyaga tena ofisini kwangu mpaka alipomaliza shule. Ilinichukua muda kutambua kwamba swali langu lilikuwa lile lile la waliogonga mlango. Wao walipiga kelele, mimi nilinong'ona.

Nafundisha hisabati, huu ni mwaka wa 22, na kwa miaka 14 nimekuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha. Haya namwandikia mwalimu mwenzangu aliyeletewa kesi ya namna hii leo asubuhi na hajui aanzie wapi. Mzazi na mwanafunzi watakutana na yao humu humu.

Cha kuuliza

Uliza nini kilitendwa, wapi, saa ngapi, nani walikuwepo, na kama ni mara ya kwanza. Kisha uliza mawili ambayo wengi wetu huyasahau: "Ungependa nifanye nini?" na "Nini hutaki kabisa nifanye?" Basi. Kama mtoto ana neno la kukuambia kuhusu moyo wake, atakuambia siku atakayotaka mwenyewe, na huenda asikuambie kamwe. Kazi ya kukomesha uonevu haingoji habari hiyo.

Waonevu wenyewe hawajui, wanakisia tu. Nimeletewa kesi ya msichana aliyenyoa nywele, ya mvulana mwenye sauti nyembamba, ya mwingine aliyekataa kuwapigia miluzi wasichana, na ya mmoja ambaye kosa lake lote lilikuwa kuwa na kaka aliyesemwa mtaani. Kijitabu cha UNESCO cha mwaka 2012 kuhusu uonevu wa aina hii kinawahesabu pamoja wanaopenda jinsia yao na wanaodhaniwa tu. Kipigo ni kile kile.

Jihadhari pia na faraja hii: "Pole, wamekusingizia." Inasikika vizuri. Lakini yule ambaye kwake si uzushi ataisikia, ataielewa hivi: mwalimu ananilinda mradi nikane. Mwambie tu, "Hawana ruhusa ya kukufanyia hivi," na uishie hapo.

Darasani, neno linapotoka

Mara nyingi huanza na neno, tena limesemwa nusu utani. Mtu kakosa hesabu, mwingine anasema "acha ushoga wewe," darasa linacheka. Neno lenyewe lina maisha mawili. Bibi yangu aliwaita rafiki zake mashoga zangu, na hakuna aliyeumia. Wanafunzi wanalijua hilo, na ukiwakemea watakuletea hoja hiyo wakiwa wamekunja mikono. Waambie unajua, na kwamba unajua pia wao walimaanisha nini.

Ukilisikia ukapita, darasa zima limekuona ukipita. Lakini usihutubie. Sentensi yangu ni moja, nimeirudia mpaka wanafunzi wananiigiza nayo: "Neno hilo hatumtukanii mtu humu. Tuendelee, swali la nne." Sauti ya kawaida, macho kwa aliyesema. Usimgeukie aliyeambiwa kumuuliza kama yuko sawa mbele ya watu 40, maana utakuwa umemtia alama mara ya pili. Aliyesema namwita kipindi kikiisha. Aliyeambiwa namtafuta baadaye kwa kisingizio, kwa mfano kunibebea madaftari, tukiwa njiani ndipo tunaongea.

Wanaotazama ndio wengi, na ndio wenye nguvu kuliko wanavyodhani. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, walirekodi kwa kamera viwanja vya shule za msingi na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wanafunzi wengine walikuwepo karibu kila uonevu ulipotokea, lakini waliingilia kati takriban mara 1 kati ya 5. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Wangu ni wakubwa kuliko hao, ila sekunde 10 nimeziona kwa macho yangu. Siwafundishi kupigana wala kutoa hotuba. Nawaambia wamwendee anayeonewa na kumwambia, "Twende, mwalimu anatuita." Ni uongo, na uongo huo nimewasamehe mapema.

Wanafunzi wakubwa wakiamua jambo, shule hubadilika bila sisi walimu. Mwaka 2007 huko Nova Scotia, Kanada, mvulana mgeni wa darasa la tisa alionewa kwa kuvaa shati la waridi. Wavulana wawili wa darasa la mwisho walinunua fulana 50 za rangi hiyo na kuwagawia wenzao mlangoni asubuhi. Usiige fulana. Iga kwamba waliosimama walikuwa ni watu ambao hakuna angethubutu kuwacheka.

Choo, bafu, na dakika zisizo na mwalimu

Mtoto anayeonewa kwa sababu hii hukuonyesha kwa mwili kabla hajasema. Haombi ruhusa ya kwenda chooni wakati wa mapumziko. Huomba katikati ya kipindi, wakati kuko tupu. Hanywi maji asubuhi. Siku za michezo anaumwa tumbo, kwa kuwa siku za michezo watu hubadilisha nguo pamoja. Bwenini analala na viatu karibu na mkono. Mimi nilikuwa mkali sana kwa wanaoomba kutoka kipindi kikiendelea, nikidhani ni uvivu, mpaka nilipoanza kuandika nani anaomba na saa ngapi.

Chora ramani ya shule kwa mkono, kila jengo, kila kona, nyuma ya stoo, njia ya kwenda bwenini. Toa nakala, ligawie darasa zima, waambie watie alama ya X mahali wasipojisikia salama, bila kuandika majina. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, alama zilirundikana kwenye ngazi moja ambayo walimu hatuitumii kwa sababu inazunguka. Sikuhitaji bajeti. Nilimwomba mwalimu wa zamu apitie ngazi ile kengele inapolia, kila siku, akiwa na kikombe chake cha chai kama hana haraka.

Daftari

Weka daftari moja, lenye kufuli au kabati lenye kufuli. Tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, majina ya waliotenda na walioona, na hatua uliyochukua. Usiandike "alimdhalilisha vibaya." Andika "alimmwagia maji kitandani, akasema hivi." Na usiandike kamwe dhana yako kuhusu mwanafunzi mwenyewe. Katika nchi ambazo sheria huadhibu mapenzi ya jinsia moja, faili la shule linaweza kusomwa na mtu usiyemtazamia. Na hata kwingineko, karatasi husafiri kuliko mwandishi wake.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza uonevu Skandinavia miaka ya 1970, alitaja mambo matatu yanayoutambulisha: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. La pili huwezi kulithibitisha bila daftari. Kila tukio peke yake ni "utani tu, mwalimu." Matukio tisa yenye tarehe hayacheki.

Mwanafunzi naye aweke lake. Kama ni kwenye simu, apige picha ya skrini kabla hayajafutwa, ionekane tarehe na jina la kundi, kisha asijibu. Kuna jambo moja la kutahadhari: ikiwa kilichosambazwa ni picha ya utupu ya mwanafunzi, usiipokee kwenye simu yako hata kama ushahidi. Katika nchi nyingi kuwa na picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai. Andika nani aliituma, wapi, lini, mpe taarifa mkuu wa shule na wahusika wa ulinzi wa watoto, na toa taarifa kwa mtandao wenyewe ili iondolewe.

Simu ya nyumbani

Hapa ndipo walimu wema huharibu zaidi. Shule inampigia mzazi kwa nia njema: "Mama, kijana wako anaonewa kwa sababu wanasema ni shoga." Jioni ile mtoto anakutana na kesi ya pili, na hii haina mapumziko wala kengele ya kurudi nyumbani, maana ameshafika. Nimeona mtoto akifukuzwa kwao kwa simu iliyodumu dakika tatu. Simu hiyo haikupigwa na mimi, lakini ingeweza kuwa yangu.

Kabla ya kupiga, kaa na mwanafunzi na muulize: "Nyumbani wanajua nini? Nani atakusikiliza kwanza?" Kisha tungeni sentensi pamoja, neno kwa neno. Mara nyingi huwa hivi: "Mwanao anatukanwa na kusukumwa na wanafunzi wanne, imetokea mara tano mwezi huu, na hatua tulizochukua ni hizi." Kila neno hapo ni kweli, na hakuna lililomtoa mtoto sadaka. Mzazi akiuliza wanamtukana nini, jibu ni "matusi ya kumdhalilisha, na hatuyakubali yoyote." Usimwahidi mwanafunzi siri ya kila kitu; mwambie mapema kwamba akiwa katika hatari ya kufa au kuumizwa vibaya utalazimika kumshirikisha mtu, na kwamba hata hapo utamweleza yeye kwanza.

Wewe mzazi, ukipigiwa simu hiyo, swali la jioni liwe "umekula?" na "nani amekufanyia?" Lile lingine liache.

Waliotenda

Waite mmoja mmoja, ndani ya kipindi kimoja, kabla hawajapatana hadithi. Waulize juu ya tendo. Watajaribu kukuvuta kwenye mjadala: "Lakini mwalimu, yule si anajulikana?" Jibu: "Sijakuita kuhusu yeye. Ulikuwa wapi saa nne na robo?" Adhabu ifuate kanuni zilizoandikwa za shule, ile ile ambayo ungempa aliyemfungia mtu chooni kwa sababu nyingine yoyote. Na usiwapange mstari mbele ya shule nzima ukaeleza kosa lao, kwani utakuwa umemtangaza aliyeonewa kwa kipaza sauti.

Tafadhali, usiwakutanishe washikane mikono. Upatanishi ni wa watu wawili waliogombana wakiwa sawa. Huyu mmoja hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anakwenda chooni.

Upande wa wenzako kuna kazi pia. Mwenzangu mmoja alishauri mtoto apelekwe akatibiwe. Nilimjibu kwamba Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo hakuna cha kutibu ila jeraha la begani. Mwingine, mwalimu wa dini, alisema dhamiri yake haimruhusu kuunga mkono. Sikubishana naye. Nilimuuliza kama dhamiri yake inaruhusu mtoto kufungiwa chooni, akasema hasha, nikampa zamu ya ngazi ile. Ni mmoja wa waliofanya kazi hiyo vizuri kuliko wote.

Mkuu wa shule akisema ni mambo ya watoto, yatapita, mpelekee kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Nchini Marekani, Jamie Nabozny, aliyepigwa na kudhalilishwa miaka kadhaa shuleni huko Wisconsin huku wakuu wakipuuza malalamiko, aliwashtaki. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wanaweza kuwajibishwa, baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likaona wanawajibika kwa kutomlinda, na kesi ikaisha kwa fidia ya zaidi ya dola 900,000. Mkuu wako hayuko Wisconsin, lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili akiwa mikononi mwa yeyote anayemlea. Karatasi yenye tarehe humfanya mtu asome mara mbili.

Mwanafunzi akianza kugawa vitu vyake, au akisema wangefurahi asipokuwepo, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Akikubali, usimwache peke yake hata kwa dakika za kwenda kumwita mwenzako. Mtume mtu mwingine, ondoa chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Halafu fuatilia. Baada ya siku mbili, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Waonevu werevu hutulia siku kumi kisha huanza upya kwa njia nyingine, jicho, kikohozi, kiti kinachoachwa wazi pembeni yake. Usimuulize "vipi, wameacha?" kwa sababu atasema ndiyo ili umwache. Tazama.

Kesi yangu ya mwisho ilikuwa ya mvulana aliyeomba kutoka kila siku dakika ya ishirini ya kipindi changu. Wiki ya tano hakuomba. Kengele ya mapumziko ilipolia nilimwona akielekea chooni na wenzake wawili, wakibishana kuhusu mtihani. Nikaandika tarehe kwenye daftari.