Kulala Ndakaini bila kuchafua maji ya watu

Kama wikendi mnataka kwenda kupiga kambi Ndakaini kwanza mjue mnalala kando ya nini. Ndakaini ni lile bwawa la Gatanga, Murang'a, ndilo linaletea Nairobi maji yake mengi, lilimalizwa 1994 na likijaa linabeba mita za ujazo milioni 70, mito ya Thika, Kayuyu na Githika ndiyo inamwaga humo.

Bwawa liko mikononi mwa kampuni ya maji ya Nairobi, kwa hivyo pigeni simu mapema muulize hema linawekwa wapi na kiingilio ni ngapi, msifike tu getini jioni na watoto kwa gari mkitegemea huruma ya askari. Barabara inapanda kutoka Thika, majani chai kila upande, na huko juu mmepita mita 2,000 kwa hivyo baridi ya usiku inauma, na hata ukijifunika blanketi tatu bila mkeka mzito chini ardhi itakunyonya joto lote.

Hema lisikaribie maji. Bwawa likipungua utaona ukanda wa udongo mtupu pembeni, maji yakijaa hufika hapo, panda mpaka nyasi zianze halafu ongeza hatua kama mia.

Sasa vyombo, hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Nilishaona mtu amechuchumaa ukingoni anasuuza sufuria ya nyama, mafuta yakatandaa juu ya maji yakameremeta rangi rangi na povu la sabuni likazunguka miguuni mwake, na ni mtu mzuri tu hakuwa amefikiria. Pangusa sufuria na tishu kwanza, tishu iende kwa mfuko wa taka, teka maji na jerikeni, osha kwa karai kule juu kwenye hema na umwage kwenye nyasi. Hata ile sabuni inayoitwa ya asili usiipeleke ukingoni.

Choo tumia cha pale, pampasi za mtoto zirudi nyumbani na nyinyi. Kuogelea hapana kabisa, ni kina kirefu na ni maji ya kunywa. Na nyinyi msiyanywe hivyo hivyo, hayajafika kwa mtambo wa Ng'ethu kusafishwa na kutiwa dawa, kwa hivyo bebeni ya kutosha ama mchemshe.

Asubuhi mkishakunja hema watoto wapite wakiokota vifuniko vya soda kwa nyasi, hivyo ndivyo husahaulika, na mvua ikija vinateremka moja kwa moja bwawani.