Stika za kucha: ubandike mwenyewe au uachane nazo?

Hizi ni vipande vyembamba vya rangi vyenye gundi, vinavyofunika kucha nzima badala ya rangi ya kupaka. Zinafaa, ila si kwa kila mkono. Kama kila siku unafua kwa mikono na kuosha masufuria bila glavu, kingo zitainuka mapema. Baki na rangi ya kawaida.

Adui mkubwa ni mafuta. Usipake losheni kabla ya kubandika (kwa ukavu wa Dodoma mwezi wa saba, huo ni mtihani). Nawa, kausha, sukuma nyuma ngozi ya shina la kucha, kisha futa kila kucha kwa pamba yenye spiriti. Chagua stika nyembamba kidogo kuliko kucha, ibaki nafasi ya kama milimita 1 pembeni. Ikigusa ngozi, itaanza kubanduka kuanzia hapo. Asubuhi ya baridi stika hukakamaa: ipashe kwa draya ya nywele sekunde chache ndipo uibandike ukiivuta kidogo. Bonyeza kutoka katikati kwenda pembeni, kunja ncha kwenye ukingo wa kucha, ondoa ziada kwa tupa ya kucha ukisugua kwenda chini tu. Ukisugua huku na huku inachanika.

Kuitoa, usiing'oe kavu, itaondoka na tabaka la kucha. Loweka dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uinue taratibu kuanzia pembeni.