Jinsi ya Kuisikiliza Albamu Iliyomtoa Aretha Franklin Mwaka 1967

Albamu ya I Never Loved a Man the Way I Love You, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic mwezi Machi 1967, ni ya kumi katika albamu za studio za Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani wa soul (muziki wa Wamarekani Weusi wenye mizizi katika nyimbo za injili), lakini ndiyo iliyomtoa, yaani iliyompa umaarufu. Wasikilizaji wengi huanza na "Respect" ("Heshima"), wakaisifu sauti, kisha wakaishia hapo. Kuisifu sauti si kosa, ila sauti hiyo ilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mwimbaji aliketi kwenye piano na wanamuziki wengine wakamfuata. Kwa hiyo, anayetaka kuielewa albamu hii na aifuate piano kwanza, sauti baadaye.

Tumia hedifoni au spika zinazotoa besi vizuri. Spika ya simu huimeza besi ya Tommy Cogbill, mpiga gitaa la besi wa albamu hii, na besi ikishapotea utabaki ukijiuliza kwa nini watu huusifu sana muziki huu.

Kabla ya kuigusa albamu yenyewe, sikiliza wimbo mmoja wa miaka yake ya Columbia, kampuni iliyomsajili mwaka 1960 kupitia mtayarishaji John Hammond. "Skylark" ya mwaka 1963 inafaa. Utasikia ala za nyuzi zilizopangwa kwa ustadi na Robert Mersey, na katikati yake msichana aliyelelewa kwenye kanisa la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin wa Detroit, akipandisha sauti mahali ambapo wimbo haukumtarajia. Usiusikilize kwa kutafuta ubaya. Kuna simulizi iliyozoeleka kwamba miaka ya Columbia ilipotea bure, nami siikubali, kwa maana uimbaji wake humo tayari umekomaa. Tatizo la miaka hiyo ni kwamba mwimbaji anaingia katika nafasi aliyokwisha kuandaliwa na wengine.

Sasa fungua albamu, lakini uruke wimbo wa kwanza na uanze na ule wa tatu, uliobeba jina la albamu. Ndio uliorekodiwa kwanza, tarehe 24 Januari 1967, katika studio ya FAME huko Muscle Shoals, Alabama, ambako mtayarishaji Jerry Wexler alimpeleka kukutana na wanamuziki asiowafahamu. Wimbo huu uliotungwa na Ronnie Shannon unakwenda kwa mapigo matatu matatu, polepole, na mwanzoni wanamuziki hawakujua waushike wapi, hadi Spooner Oldham alipoupata mwanzo wake kwenye piano ya umeme. Mwanzo huo ndio unaoufungua wimbo, nao ni wa noti chache tu.

Usikilize wimbo huu mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata piano ya umeme ya Oldham peke yake. Mara ya pili tafuta piano ya Aretha inayoingia chini yake, nzito zaidi, na uone jinsi mkono wake unavyojibu kila mstari anaoumaliza kuuimba, kama mpiga kinanda wa kanisani anavyomjibu mhubiri. Mara ya tatu msikilize Roger Hawkins kwenye dramu, ambaye hapigi chochote cha ziada mpaka mwimbaji amruhusu. Ukishayasikia hayo matatu, utakuwa umepata ufunguo wa nyimbo nyingine zote.

Fuatisha na "Do Right Woman, Do Right Man", iliyotungwa na Chips Moman na Dan Penn. Siku ile ya Alabama iliishia kwa ugomvi, na wimbo huu ukabaki nusu, ukiwa na msingi mtupu usio na sauti yake. Uliletwa New York, na huko Aretha akaongeza piano, kinanda na sauti, huku dada zake Carolyn na Erma wakimwitikia. Jaribu kuzitenganisha tabaka hizo unaposikiliza: chini kuna wimbo wa taratibu wenye nafasi nyingi wazi, na juu yake kuna familia moja inayojua lini ijibu na lini inyamaze. Kwa maoni yangu hapa ndipo albamu ilipofikia kilele chake, ingawa wengi hawatakubaliana nami.

Ndipo uje kwenye "Respect", iliyorekodiwa New York tarehe 14 Februari 1967. Tangulia kusikiliza toleo la mtunzi wake, Otis Redding, la mwaka 1965, ambamo mwanamume anadai heshima anaporudi nyumbani. Halafu cheza la Aretha na uhesabu yaliyoongezwa. Kwa Redding hakuna kulitaja neno lenyewe herufi kwa herufi, wala wadada wa kuitikia kwa kasi ile, wala kipande cha saksafoni cha katikati. Kipande hicho, anachokipiga King Curtis, kinastahili kurudiwa: wimbo unahama ghafla kwenda kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zilizochukuliwa kutoka wimbo wa waimbaji wawili wa soul, Sam & Dave, kisha unarudi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayedai heshima sasa ni mwanamke, na madai yamegeuka masharti. Mwezi Juni mwaka huohuo wimbo ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki mbili.

"Soul Serenade" na "Good Times" hazihitaji maandalizi yoyote. Ziache zipite na ufurahie. Kwenye "Don't Let Me Lose This Dream" angalia tu jinsi mapigo yanavyoelekea Amerika ya Kusini.

Zingatia zaidi nyimbo za polepole. "Dr. Feelgood", aliyoitunga pamoja na mumewe wa wakati huo, Ted White, inazungumzia mapenzi ya mwili kwa mwendo wa ibada, na mchanganyiko huo ndio uliowashangaza wengi: piano inapigwa kikanisa kabisa huku maneno yakiwa ya chumbani. Usikubali kuambiwa kwamba aliliacha kanisa ili aimbe soul, kwa maana vidole vyake vinakanusha.

Mwisho cheza albamu nzima kwa mpangilio wake, nyimbo kumi na moja, ukipumzika baada ya ya sita kama msikilizaji wa 1967 alivyolazimika kugeuza santuri. Utakapofika "A Change Is Gonna Come" ya mwimbaji Sam Cooke, aliyefariki Desemba 1964, tambua kwamba Aretha ameongeza utangulizi wake mwenyewe unaomtaja rafiki wa zamani. Cooke alitoka kwenye muziki wa injili kama Aretha na alikuwa karibu na familia ya Aretha. Ukitaka kuendelea, chukua albamu yake ya Lady Soul ya Januari 1968, uifuate piano kwa namna ileile, na uone ni wapi amezidi kuiamini bendi yake na ni wapi bado anaishika hatamu mwenyewe.