Somo: Kupima mfanano wa tasnifu kabla ya kuidepoze, yaani kuiwasilisha chuoni (soma kwanza, ndipo uulize)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita: "Docta, asilimia ngapi zinakubalika?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena barabarani Kassapa, hapa Lubumbashi, nitamtumia somo hili bila hata salamu.

Kwanza elewa kifaa chenyewe. Turnitin ya Marekani, Compilatio ya Ufaransa na wenzao hawapimi wizi. Wanachukua maneno yako jinsi yalivyofuatana, wanayalinganisha na yaliyomo ghalani mwao, wanapaka rangi yanapolingana. Kama ni wizi au si wizi, hilo huamuliwa na mtu mwenye macho.

1. Maliza kuandika. Tasnifu haipimwi kama homa, asubuhi na jioni.

2. Muulize promota, yaani anayesimamia tasnifu yako, ni programu ipi kitivo kinatumia.

3. Andaa faili: docx, au PDF ambayo maandishi yake unaweza kuyachagua na kuyakopi. Kurasa zilizoskaniwa ni picha tu, hazisomeki. Turnitin haipokei faili inayozidi megabaiti 100 wala kurasa 800, kwa hiyo ninyi wa ramani na picha za setilaiti, punguzeni uzito.

4. JUA FAILI LAKO LINABAKI WAPI. Hapa ndipo nilipoungua. Rafiki yangu anayefundisha nje ya nchi aliniambia, "Nitumie, ni dakika kumi." Akaipakia kwenye akaunti ya chuo chake kama kazi ya mwanafunzi wake, akauacha mpangilio wa kuhifadhi kama alivyoukuta. Ikatoka 14%. Siku hiyo tulikunywa bia za Simba mbili mbili. Wiki tano baadaye kitivo changu kikapima chenyewe: 98%, chanzo kimoja, "kazi ya mwanafunzi" wa chuo ambacho sijawahi kukikanyaga. Yaani nilikuwa nimejiibia mwenyewe! Kuifuta si suala la kuandika barua pepe ya kulia: ombi lazima lipitie kwa mwalimu au msimamizi wa akaunti iliyotumika, na rafiki yangu alikuwa likizoni, simu imezimwa. Utetezi ukasogea miezi miwili, na shemeji zangu walikuwa wameshanunua vitambaa.

Basi: kabla ya kubonyeza chochote, hakikisha pameandikwa kwamba kazi haitahifadhiwa ghalani. Usimpe faili kijana wa kufotokopi anayekuahidi ripoti kwa dola kumi. Hujui anatumia akaunti ya nani. Usiipakie kwenye tovuti za bure ambazo hujasoma masharti yake. Na kama rafiki anakusaidia, mwambie akuonyeshe huo mpangilio kwa picha ya skrini. Urafiki hautavunjika.

5. Pima mara mbili: mara ya kwanza bila vichujio, mara ya pili ukiondoa bibliografia na nukuu zenye alama. Orodha ya vitabu ipe kichwa cha kawaida, kwenye mstari wake peke yake, ili programu iitambue. Nukuu uliyosahau kuifunga kwa alama itahesabiwa, na ni haki yako.

6. Soma ripoti yote, rangi kwa rangi. Sura yetu inayowaka kila mara ni ile ya kueleza eneo la utafiti. Sote tunaijua: "Lubumbashi ina tabianchi ya aina ya Cwa kwa uainishaji wa Köppen, mvua kuanzia Novemba hadi Machi, kiangazi Mei hadi Septemba, Aprili na Oktoba ni miezi ya mpito." Aya yangu hiyo ilikuwa na vyanzo saba. Kugeuza "kiangazi" kuwa "majira makavu" si kuandika upya. Nilijiuliza: hali ya hewa inahusiana vipi na mashimo niliyochimba kupata sampuli za udongo? Nikaandika kwamba nilichukua udongo mwishoni mwa Septemba, kabla mvua ya kwanza haijaosha vumbi lililotua juu. Chanzo cha tabianchi nikakitaja. Rangi zikaondoka zenyewe, kwa sababu hayo hakuna mwingine aliyeyaandika.

7. Rekebisha, weka nakala tatu, mpe promota ripoti pamoja na tasnifu.

MASWALI

Kijana wa Katuba: Docta, mi niko na 31%. Iko mubaya? Nijibu mbiyo, kesho nadepoze.

Jibu: Hatua ya 6.

Kijana wa Katuba: Sema tu namba. 20%?

Jibu: Nimeona 9% yenye ukurasa mzima uliokopiwa bila chanzo, na 30% iliyo safi, yote majina ya mbinu za maabara na vyeo vya taasisi. Kikomo cha chuo chako kiko kwenye kanuni za chuo chako. Na anayedepoze kesho hapimi leo usiku.

Mama Wawili: Yaya, mimi niko historia. Nina mahojiano na wazee wa kambi za zamani za Union Minière, ile kampuni ya madini ya enzi za Wabelgiji, kwa Kiswahili cha hapa. Programu itayapaka rangi?

Jibu: Swali zuri, dada. Maneno ya wazee wako hayamo ghalani, isipokuwa umeshayachapisha kwenye makala. Yafunge kwa alama za kunukuu hata hivyo, weka tarehe na mahali, na uyaache jinsi walivyotamka. Ukiyanyoosha yawe ya kitabuni, umewanyang'anya.

Mwalimu wa Likasi: Sura yangu ya 4 ni makala yangu mwenyewe. Imetoka nyekundu yote.

Jibu: Kawaida. Sema mwanzoni mwa sura kwamba ilichapishwa, wapi, na waandishi wenzako ni nani. Angalia pia haki za uchapishaji ulizolikabidhi jarida. Kisha mwombe promota apime tena akikiondoa chanzo hicho.

Asiyetaja jina: Nasikia ukiweka "a" ya Kirusi mahali pa "a" yetu, mashine haioni.

Jibu: Turnitin inaweka alama kwa herufi zilizobadilishwa na kwa maandishi yaliyofichwa. Swali lingine.

Asiyetaja jina: Na kurasa tano nilizotafsiri kutoka Kiingereza? Hazikupakwa rangi.

Jibu: Aliyeziandika anaweza kuwa kwenye jopo lako. Taja chanzo.

Mama Wawili: Unafanyaje usichanganye maneno yako na ya kitabu tangu mwanzo?

Jibu: Kila ninachokopi nakibandika kwa rangi nyekundu pamoja na namba ya ukurasa, na kinabaki chekundu hadi nimekiandika kwa maneno yangu au nimekifunga kwa alama. Vyanzo naviweka Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure, na inafanya kazi hata intaneti ikikatika.

Mama Wawili: Nimejaribu. Sura ya pili imekuwa nyekundu kama udongo wa Ruashi.

Kijana wa Katuba: Docta, nimeongea na promota, nadepoze mwezi ujao. Akaunti ya kitivo naomba kwa nani?

Jibu: Sasa tunaongea. Anza na katibu wa kitivo anayeshughulikia utafiti. Nenda asubuhi, beba faili kwenye flash na barua yenye sahihi ya promota. Wakikupakia, simama hapo hapo uone hatua ya 4 kwa macho yako.